Ahadi Mbili Nilizokwenda Nazo Kigali

Nilikwenda Kigali kwa sababu nilikuwa nimeahidi kitu kimoja kwa watu wawili. Barua ya mwaliko ilisema nakwenda kujifunza jinsi serikali za mseto zinavyoundwa na kutunza amani ndani yake, na hilo nalo lilikuwa kweli. Lakini ninyi wa nyumbani mnanijua, kwa hiyo naanza na aibu yangu.

Katika baraza letu la mji, hapa kando ya ziwa, uchaguzi ulikwisha bila chama chochote kupata zaidi ya nusu ya viti. Chama cha Mzee Magesa kilipata madiwani kumi na wawili, cha Bi Salome kumi na mmoja, na sisi wadogo watatu. Meya huchaguliwa na madiwani wenyewe, kama waziri mkuu anavyotokana na wabunge katika nchi nyingine. Basi sisi watatu, ambao juzi tu hakuna aliyetujali, tukawa watu wa kubembelezwa. Jumamosi Magesa alikuja kwangu akaniahidi unaibu meya, na mabomba ya maji kwa kata yangu. Nikamwambia, "Sisi ni wenu." Jumapili akaja Salome na ahadi zilezile. Nikamwambia, "Sisi ni wenu." Hata madiwani wenzangu wawili sikuwaambia. Kura ya meya ilikuwa Jumanne, siku tisa mbele, na mimi nilijiona mjanja kuliko sungura.

Jumatano, saa kumi na moja alfajiri, nilipanda basi, nikiwakimbia wote wawili. Tulipita Nyakanazi, tukapanda milima ya Ngara, na mchana tukafika Rusumo ambako mto Kagera unaanguka kwa kelele chini ya daraja. Ng'ambo ya daraja dereva alihama kutoka kushoto kwenda kulia kwa barabara, bila neno, kama diwani aliyebadili chama. Huko saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Nikapewa saa nzima ya bure, nami nikaitumia kutunga uongo wa kumwambia Magesa.

Jioni tulishuka Nyabugogo, kituo kikuu cha mabasi. Nikachukua moto, yaani bodaboda ya Kigali, nikavikwa kofia ngumu iliyonibana masikio, nikapelekwa Biryogo kwa Hadija. Huyu tulikua naye uchochoro mmoja hadi wazazi wake waliporudi Rwanda. Sasa ni fundi cherehani, mjane, na ulimi wake haujapungua makali.

"Karibu, dada," alisema akinitazama juu hadi chini. "Sasa wewe iko mheshimiwa. Mbona viatu iko vya mwalimu?"

Nyumba yake iko nyuma ya chumba cha kushonea, na mlango wa chumba hicho una makufuli mawili makubwa. Nilidhani ni hofu ya wezi. Hadija akacheka. Moja ni lake, la pili ni la Bosco, fundi mwenziwe anayekaa Nyakabanda, Mkristo aliyekulia Uganda. Waliungana wakanunua ovaloki, mashine ya kushonea kingo za nguo, ambayo mmoja peke yake asingeiweza. Kisha kila mmoja akaanza kumtuhumu mwenzake kwamba anaitumia kwa siri. Waligombana mpaka wakapelekana kwa abunzi, wale wapatanishi wa mtaa wanaochaguliwa na wakazi. Abunzi hawakuuliza nani ana haki. Walisema tu kwamba mlango utakuwa na makufuli mawili, na hakuna atakayeingia ila ufunguo wa mwenzake uwepo.

"Na mnaelewana sasa?" niliuliza.

"Oya, dada. Tunagombana kila siku. Jana tuligombania kiti cha dirishani. Lakini mlango, tunafungua pamoja."

Alhamisi na Ijumaa nilikuwa semina, Nyarutarama, katika ukumbi unaotazama uwanja wa gofu. Nyasi zake zilinyweshwa maji asubuhi na jioni, na mimi, mama wa kata isiyo na bomba, niliziangalia kwa wivu wa wazi kabisa. Mkufunzi wetu alikuwa Bi Lineo, mama mfupi kutoka nchi ya milimani kusini mwa Afrika, aliyekuwa mwandishi wa vikao vya mawaziri chini ya serikali tatu za mseto. Mkalimani alikaa pembeni akitugeuzia maneno yake kwa Kiswahili.

Nilitarajia atufundishe kugawana vyeo. Alilimaliza hilo kabla ya chai: mara nyingi kila chama hupata viti vya uwaziri kwa kadiri ya wabunge kilioleta, na mdogo huongezewa kidogo kwa sababu bila yeye serikali haisimami. Siku iliyobaki aliitumia kueleza ugomvi. Mseto wowote utagombana, alisema, kwa hiyo andikeni mapema mtagombana vipi. Jambo lianzie kwa kamati ya viongozi wachache, si redioni. Mwenzako asisikie uamuzi wako kwa watu wa nje. Yapo mambo ambayo kila chama kitapiga kura yake bila kuitwa msaliti, nayo yaorodheshwe mkiwa bado mnacheka pamoja.

Ijumaa mchana nilinyoosha mkono, nikauliza kama mtu anayemuulizia jirani: "Na chama kidogo ambacho, tuseme, kimewaahidi wakubwa wote wawili?"

Bi Lineo hakucheka. "Chama kikubwa kinaweza kudanganya mara tatu na bado kikabaki na wingi wake," alisema. "Kidogo hakina wingi. Kina neno lake tu." Akaendelea na mada. Mimi niliandika daftarini kitu kisichosomeka.

Jumamosi asubuhi, siku ya mwisho ya semina, Hadija alikwenda kuchukua uzi na vitambaa mbali kidogo. Kabla ya kutoka alinikabidhi ufunguo wake. "Bosco atafika saa mbili. Mpe, dada. Leo kuna mushanana, nguo ya bibi harusi, shangazi yake atakuja saa sita kuichukua."

Niliutia ufunguo mkobani. Kichwa changu kilikuwa kwa Magesa na Salome, nikitafuta maneno ya kumtosa mmoja bila kelele. Saa moja na nusu nikaita moto, nikaenda zangu Nyarutarama.

Saa tano, wakati wa mapumziko, nilitia mkono mkobani kutafuta kalamu. Nikagusa chuma. Simu nilikuwa nimeizima. Nilipoiwasha nilikuta Hadija amepiga mara nane. Sikuaga mtu.

Nilimkuta Bosco ameketi kizingitini, mikono magotini. Kufuli lake lilikuwa limekwisha funguliwa, limewekwa juu ya kitambaa safi. Muuza vyuma wa ng'ambo ya barabara alikuwa amesimama karibu na nondo mkononi, nikaelewa kwamba walikuwa wakishauriana. Bosco alinipa heshima zote, akasimama.

"Karibu, mama. Hadija amekasirika ya dirisha, si ndiyo? Ameficha ufunguo. Anapiga simu, mimi sipokei."

Mlango ulifunguka mbele yangu, na siuzungumzii ule wa chumba. Ningeweza kumpa ufunguo kana kwamba Hadija ameutuma sasa hivi, nikanyamaza. Wao hugombana kila siku; ugomvi mmoja zaidi usingewaua, na mimi kesho nilikuwa naondoka. Nakiri kwamba nilisita. Nilihesabu moyoni nani angejua.

"Hapana, Bosco," nilisema. "Hadija alinipa ufunguo nikupe saa mbili. Nimeondoka nao. Kosa ni langu."

Aliniangalia, kisha akapumua kama mtu aliyetuliwa gunia. "Asante, mama. Mimi nilikuwa nishamkasirikia bure."

Tulifungua. Alikaa kwenye ovaloki bila hata kunywa maji, nami nikashika pasi, kwa kuwa ndicho kitu pekee nilichoweza. Huku anashona nilimuuliza kwa nini hakuchukua ile nondo. Kufuli ni kitu kidogo, na bibi harusi hangoji.

"Kufuri si kitu, mama," alisema bila kuinua macho. "Lakini mimi nikivunja reo, kesho Hadija naye iko na haki ya kuvunja. Halafu hakuna mulango tena. Iko chumba tu ya watu wawili wanaoibiana."

Shangazi wa bibi harusi alikuja saa sita, akasubiri nusu saa, akanung'unika kwa Kinyarwanda kirefu ambacho sikuomba kitafsiriwe. Akaondoka na nguo. Hadija aliporudi nilimweleza mwenyewe kabla hajauliza. Alinitukana kidogo, kama dada, kisha akanipikia pilau. Sikurudi semina, na cheti changu nilitumiwa baadaye.

Jumapili nilipanda basi la kurudi. Rusumo dereva alirudi kushoto, nami nikaisogeza saa yangu mbele. Safari hii sikutunga uongo wowote. Niliogopa tu, kuanzia Ngara hadi nyumbani.

Jumatatu asubuhi niliwaita kwanza madiwani wenzangu wawili nikawaambia yote. Mmoja alitoka nje bila kuaga, akarudi baada ya muda. Saa nne niliwaita Magesa na Salome, wote wawili, meza moja, sebuleni kwangu. Nikasema kwamba nilimwahidi kila mmoja, na kwamba niliwadanganya wote wawili.

Magesa alivaa kofia yake. "Mshika mawili moja humponyoka," alisema. "Wewe yamekuponyoka yote." Akatoka.

Salome alibaki, ameinamisha kichwa. Kisha akasema unaibu meya siupati tena. Hawezi kuwaeleza watu wake. Nikamjibu kwamba ni haki yake. Nikaomba mabomba ya kata yangu, na kamati ya watu wanne ya kumaliza ugomvi wetu kabla haujafika barabarani. Alikubali, kwa sharti moja: lolote nitakalosema, liandikwe na nitie sahihi.

Jumanne alichaguliwa kuwa meya kwa kura kumi na nne. Naibu alikuwa mtu mwingine, nami nilimpigia makofi huku roho ikiniuma, kwa maana kiti kile nilikitaka sana.

Tangu hapo tumegombana na Salome juu ya soko, juu ya taka, na juu ya bomba lianzie mtaa gani. Kila mara nilisema neno langu, likaandikwa, nikatia sahihi, kama mtoto aliyepewa adhabu. Miezi ilipita hivyo. Wiki iliyopita tulikutana tena kwenye kamati, safari hii juu ya stendi ya mabasi. Nikasema chama changu kitampinga, na sababu zake, kisha nikavuta karatasi nianze kuandika.

Salome akaisogeza karatasi pembeni. "Acha, Koku," alisema. "Umeshasema, inatosha."