Nekesa wa Ukutani

Enzi zetu, picha haikuwa kitu cha kupiga huku unatafuna. Wajukuu wangu wanapiga picha hata ugali kabla ya kuula. Sisi ugali tuliuangalia kujua tu nani kakatiwa tonge kubwa! Pale kwetu Masafu nyumba nzima ilikuwa na picha moja, tena ya kuchorwa.

Aliyeichora ni Mwalimu Athieno, mwanamke wa Kisoko aliyepanga chumba kwetu. Alikuwa na vijiti vya rangi, laini kama chaki. Mchana mmoja akamkuta mama amepiga magoti kwenye jiwe, anasaga wimbi na mihogo mikavu, mdogo wangu Nekesa amelala mgongoni, mdomo wazi. Akaketi, akaanza kuchora.

"Mwalimu, na hii leso imetoboka?"

"Mama Nabwire, wewe saga tu. Hata tobo nitaweka."

Shangazi Ajiambo akacheka mpaka ungo ukamponyoka. "Weka na miguu yake, mwalimu, ile mipasuko yote!"

Tuliibandika sebuleni kwa uji mzito wa muhogo.

Mwaka ule ule surua ikapita, ikamchukua Nekesa. Tangu hapo mama akiamka, kabla ya kuwasha moto, anasimama kwanza mbele ya ile picha. Nasi tulijua njia ya kupita: nyuma yake, kimya.

Ikaja Krismasi. Mnakumbuka wenzangu, Krismasi bila kusiriba nyumba upya haikuwa Krismasi. Watoto tunatangulia kufuta masizi kwa tambara la maji, kina mama wanafuata na udongo mweupe uliochotwa bondeni. Mimi nikaona moshi umemchafua Nekesa. Nikasema moyoni, leo mama atafurahi. Nikamwosha uso taratibu, kama nilivyomwosha kila asubuhi alipokuwa hai. Kutazama hivi, karatasi imebaki tupu, na tambara lina rangi ya kahawia.

Mama akaingia. Nikasubiri kofi. Alilichukua lile tambara, akalishika muda mrefu, kisha akalikamulia kwenye beseni lenye ule udongo mweupe, akakoroga kwa mkono.

"Njoo, Nabwire. Anza huku."

Tukapaka ukuta wote, mimi na yeye, tangu mlangoni mpaka pembeni kabisa. Tulipomaliza akanawa mikono, akasema, "Sasa yuko kote. Usimfute tena."

Juzi mjukuu wangu Wandera simu yake ilitumbukia chooni, na picha zake zote ndani. Alilia siku mbili, ya tatu akanunua nyingine. Simcheki. Lakini ile nyumba yetu ilianguka zamani, udongo wake umerudi kuwa shamba, na mpaka leo ninalima wimbi pale pale. Nikifika palipokuwa sebule, jembe nalishusha polepole.