Ndege ya Baba Iliyolaza Mabawa

Baba yangu alikuja Dallas mwaka wa tisini na saba ili atibiwe macho, akaambiwa amechelewa. Daktari alisema polepole nami nikatafsiri: presha ya macho imeshaharibu sehemu kubwa, na kilichobaki kitakwisha baada ya miezi michache. Baba hakulia. Tulipofika kwangu DeSoto alivua viatu, akasema, "Haya. Basi kabla giza halijaingia, nitafutie ile ndege niione."

Nilijua ni ndege ipi, na moyo ukanishuka. Wakati wa vita, Baba alikuwa kibarua katika uwanja wa ndege wa Port Reitz, Mombasa, ambako ndege za manowari za Waingereza zilikuwa zikija kutengenezwa. Tangu nipate akili nilimsikia akisimulia ndege nene, fupi, yenye pangaboi moja puani, ambayo yeye na wenzake waliikunja mabawa kwa mikono ili ipate nafasi bandani. Rubani wake, alisema, alipandisha magurudumu kwa kuzungusha mpini, mara thelathini hivi, huku ndege ikiyumba kama mlevi. Sisi watoto tulicheka mpaka tukashika mbavu. Ndege ya vita izungushwe mpini kama cherehani? Na mimi, Mungu anisamehe, nilipofika sekondari niliwaambia wenzangu kuwa babangu hutia chumvi.

Jumamosi ya kwanza nilimpeleka kwenye jumba la ndege za zamani hapo hapo Dallas. Ilikuwepo Corsair, ndege ya manowari kweli, ya buluu, mabawa yamepinda. Nikamwambia, "Baba, ndiyo hii." Akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa bati, akapapasa.

"Siyo. Hii inanyanyua mabawa juu kama mtu aliyenyooshewa bunduki. Ile yangu inayalaza ubavuni, kama kuku."

Nikaguna moyoni, haya, tumeanza tena. Lakini mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa akipangusa vioo aliniuliza babangu anatafuta nini. Nikamweleza, nusu kwa mzaha. Yeye hakucheka. Alisema iko moja karibu na Houston, na bado inaruka, akanipa namba ya fundi wake nimpigie simu.

Jumamosi iliyofuata tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa nime-swap shifti na mwenzangu wa hospitali, nikakaanga mahamri, nikajaza chai kwenye chupa. Kushuka Houston ni mwendo wa saa nne hivi, barabara imenyooka, malisho na ng'ombe huku na huku. Kila baada ya muda Baba aliuliza, "Tumefika wapi?" nami nikamsomea mabango. Sikuwa na raha. Kama ndege ile nayo isingekuwa yenyewe, ningemrudisha Mombasa kipofu na mwongo.

Karibu saa nne na nusu tulifika kwenye banda la ndege. Fundi, mtu mnene mwenye kofia iliyolowa oili, alitupokea vizuri. "Karibu, mama. Huyo ndiye mzee wa Mombasa?" aliuliza kwa Kiingereza chake cha Texas, akaanza kutueleza: Wildcat hii, ambayo Waingereza waliiita Martlet, ina bunduki za mashine mabawani, na mkiani ina ndoano ya kunasa waya inapotua kwenye sitaha fupi ya manowari. Bila ule waya ingeishia baharini. Baba hakusubiri nitafsiri. Alishapanda ngazi fupi, mkono wake wa kulia uko ndani ya chumba cha rubani, unatafuta. Ukasimama.

"Mpini huu hapa," akasema taratibu.

Nilichungulia. Ulikuwepo.

Akashuka. "Muulize kama tunaweza kulilaza bawa."

Fundi alisitasita. Bawa lile ni zito, alisema, na likienda ovyo linapasua mkia. Nikamtafsiria Baba, akatikisa kichwa. "Mwambie asivute. Wanaolivuta ndio wanaoharibu. Linabebwa kwanza, kisha mnatembea nalo, na ukingo wa mbele mnauachia uelekee chini wenyewe."

Fundi alinitazama, akamtazama Baba, akaenda kufungua komeo. Baba akanipanga nishike ncha, yeye akakaa katikati, fundi upande wa shina, bawa linapoungana na mwili wa ndege.

"Harambee!" akaita, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Eeee!" nikaitikia.

Tukabeba, tukatembea hatua saba au nane kurudi mkiani. Bawa likajigeuza mikononi mwetu, likalala ubavuni bila kugusa chochote. Fundi akavua kofia. "Mwambie," akanambia, "vijana wangu nimewafundisha miaka miwili na bado wanavuta." Nilipotafsiri, Baba alicheka, machozi yanamtoka, kiganja chake bado kiko kwenye bati.

Alasiri tulishika njia ya kurudi. Tulipoiacha Houston nyuma nikasema, "Baba, nisamehe. Sikukuamini hata siku moja."

Alikuwa amekumbatia chupa ya chai.

"Mwanangu, sikuja kukuhakikishia wewe," akasema. "Mlicheka miaka mingi sana. Mwishowe na mimi nikaanza kuona labda niliota. Usiku nikilala najiuliza, we mzee, kweli uliwahi kuwa kijana wa Port Reitz, au umejitungia? Nilitaka kujua kabla sijapofuka."

Niliingia kituo cha petroli kilichokuwa mbele yetu, nikazima gari. Miaka yote nilidhani tulikuwa tukimcheka mzee wetu tu, mchezo wa nyumbani. Kumbe ujana wake tuliutilia shaka mpaka yeye mwenyewe akaupoteza. Nikamshika mkono. Ulikuwa bado unanuka oili ya ndege, naye hakutaka kuuosha.