Dobi Aliyeshika Filimbi

Siku kinyozi alipomwona dobi kwa mara ya kwanza, refa alikuwa ameshatimua mbio. Timu ya gereji na timu ya sokoni zilikuwa zimekunjana mashati katikati ya uwanja, na filimbi imeachwa kwenye tope. Dobi huyo, mwanamke mwenye gauni la kazi la hospitali, aliyekuja kumwita mdogo wake, mshambuliaji wa gereji, akaiokota, akaifuta kwa pindo la gauni, akaipuliza mpaka mbwa wakabweka.

“Mnacheza au mnapigana? Kama mnapigana, semeni nikawatandikie vitanda wodini kabisa!”

Wakacheka, na mtu akicheka ngumi hulegea. Tangu jioni hiyo refa akawa yeye. Kinyozi, mtu wa haya ambaye hata wateja aliwajibu kwa kichwa, akapewa kibendera cha pembeni kwa sababu hakujua kukataa.

Siku moja alijikaza akamuuliza anapata nini kwa kutukanwa kila Jumapili.

“Kaka, hospitali nafua mashuka hadi vidole vinachubuka, na hakuna anayejua nani kafua. Hapa wananitukana mimi mwenyewe!” Akacheka. “Halafu wakimaliza, kila mtu anarudi kwao kwa miguu yake. Mashuka ya damu nimeyaona ya kutosha.”

Ikaja fainali, gereji na sokoni tena. Wiki nzima maneno yalizagaa kwamba dobi atambeba mdogo wake, na viongozi wa ligi wakasema wazi: akipendelea hata mara moja, filimbi anairudisha. Dakika za mwisho, bila kwa bila, mdogo wake akapokea pasi, akafunga. Gereji wakalipuka kwa shangwe.

Lakini kinyozi alikuwa ameona. Jamaa alikuwa ameotea. Aliwapita mabeki wote kabla pasi haijapigwa.

Nyuma yake walisimama mafundi wa gereji, wateja wake hao, wakimpumulia kisogoni. “Wewe kinyozi, inua hicho kitambaa uone! Kesho tunakunyoa sisi!”

Mkono ukawa mzito kama umefungiwa jiwe. Dobi hakukubali bao wala hakulikataa. Alisimama tu, akimtazama kinyozi.

Akainua kibendera.

Filimbi ikalia. Mdogo mtu akaja mbio, mishipa imemtoka shingoni. “Dada! Sisi si tumbo moja?”

“Tumbo moja, ndiyo. Ila leo umetoka mapema.”

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na gereji nao wakajikuta wamo. Sokoni walishinda kwa penalti, na hakuna aliyesema refa kambeba mtu. Jumatatu mafundi walirudi kwenye kiti cha kinyozi mmoja mmoja, maana nywele hazijui kununa. Akashusha pumzi.

Msimu ulipokwisha, dobi alihamishiwa hospitali ya mbali. Alipita kibandani kwa kinyozi kuaga, begi begani.

“Kaka kinyozi, nikwambie kitu? Siku ile mimi sikuona. Jua lilinipiga machoni. Nilisimama pale roho mkononi, nakungoja wewe tu.”