Karatasi Niliyomwachia Fundi wa Tatuu

Jirani yangu Solange huwaambia watu kwamba siku zile nilikuwa na malaria. Sikuwa na malaria. Nilikuwa mzima, nimeshiba, na ilikuwa saa tisa mchana, Kimironko, soko limejaa watu. Ukitaka ushahidi, njoo nikuonyeshe mkono wangu. Hutaona kitu, na hapo ndipo ubaya wenyewe ulipo.

Unijue kwanza. Mimi ni mtu wa kochi. Wenzangu wakienda Remera kula raha, mimi na blanketi langu tunaangalia tamthilia. Mama alipofariki sikuwa hata na picha yetu tukitembea mahali. Nilibaki na kikaratasi alichonibandikia kwenye friji, kwa ule mwandiko wake unaolalia kushoto: "Kivivu, lete chumvi. Usichelewe." Kivivu ndilo jina aliloniita tukiwa wawili tu. Hakuna mwingine aliyelijua. Unacheka? Wewe mama yako anakuitaje?

Basi nikataka lile neno la mwisho lichorwe ndani ya kifundo cha mkono, kwa mistari myembamba kama unywele, kama wanavyofanya wasichana wa siku hizi. Solange alicheka mpaka akakaa chini.

"Usichelewe? Sha, mwenzangu, unachelewa wapi na hutoki?"

Kuna mambo ya kujua kabla ya tatuu ya aina hiyo. Herufi zikiwa ndogo mno hushikana. Sindano ikipita juu juu mstari unafutika, ikizama unatanuka kama wino kwenye tishu. Tena unatakiwa kuona kazi za fundi zilizokwisha kupona, si zile za jana. Mimi niliuliza swali moja tu: inauma?

"Kidogo," akasema yule dada mchora tatuu wa pale sokoni. Alikuwa na chumba nyuma ya mafundi cherehani, mwembamba, mpole, mikono mitupu kabisa, haina hata alama ya chanjo. Fundi wa tatuu asiye na tatuu! Nikajisemea labda ameokoka.

"Umeleta picha?"

"Nimeleta karatasi yenyewe."

Hapo ndipo nilipojimaliza. Lakini unielewe, sisi huku tumezoea hivyo. Ukitaka gauni unampelekea fundi gauni lako la zamani, unamwachia, analipima, analigeuza nje ndani, wiki ijayo unachukua yote mawili. Nikamwachia mwandiko wa mama kama ninayeacha sampuli ya gauni.

Hakuchora kwanza kwenye karatasi nyingine. Aliilaza ileile juu ya ngozi yangu, akailowesha, akaibana kwa kiganja.

"Hutoi kopi, dada?"

"Kopi haina mtu ndani," akasema, akawasha mashine.

Nusu saa baadaye neno lilikuwa mkononi mwangu, la mama kabisa, na ile "ch" yake iliyoinama. Nililia, sikufichi. Akanikunjia karatasi, akanirudishia. Nyumbani nikaikunjua: nyeupe. Pande zote mbili, kama haijawahi kuguswa na kalamu.

"Ni maji," akasema Solange. Sawa, tuseme ni maji.

Wiki ya tatu tatuu ikaanza kuondoka. Na masharti niliyafuata: sikukuna, sikukaa juani (hilo kwangu si kazi), hata samli ya ng'ombe aliyoileta Solange nilikataa kuipaka. Ikaenda "U", na siku hiyohiyo nikashindwa kukumbuka mama alivyokuwa akicheka. Ikafuata "s", nikasahau alivyotembea. Ilipofutika herufi ya mwisho, nilimwona mama akilini akifungua mdomo, lakini sauti haikutoka.

Nikarudi kwa yule dada nikiwa nimevimba kwa hasira. Nilimkuta peke yake, amekunja mikono ya shati. Kwenye kifundo chake palikuwa na neno zima, jeusi, linang'aa: Usichelewe. Juu yake, mpaka kwenye kiwiko, mkono uleule uliokuwa mtupu, maneno ya watu wengine, kila moja na mwandiko wake. Moja lilikuwa la mtoto anayejifunza kuandika.

"Nipe mama yangu," nikamwambia.

Akainamisha kichwa kidogo, akanitazama kwa huruma.

"Kivivu," akasema. "Mbona umekonda hivyo? Unakula kweli?"

Ilikuwa sauti ya mama. Niamini. Nilikuwa nimeisahau mpaka dakika ile, na nilipoisikia tu nikaijua. Najua unachotaka kusema: ungekimbia. Wewe ungekimbia kweli? Mimi nilivuta kiti, nikakaa.

"Umeleta nini leo?" akauliza, kwa sauti ileile.

Mkobani nilikuwa na kadi ya kliniki ya mama yenye saini yake. Nikampa, nikanyoosha mkono.

Sindano ikitembea, anaongea kama mama. Ananigombeza, ananiita, anauliza kama nimefua mapazia. Sindano ikisimama, ananyamaza na kufuta damu. Ndivyo nilivyopeleka vitu vyote: jina la mama ndani ya Biblia, barua aliyoniandikia nikiwa bweni, hata daftari la mapishi, ukurasa kwa ukurasa. Uso wake umeshaniondoka. Mwezi uliopita, katikati ya kazi, yule dada alinitolea tusi baya sana kwa sauti ya mama. Nikataka kumwambia mama yangu hawezi kusema hivyo. Nikatafuta kichwani angesemaje. Sikupata. Ikabidi niitike, "Ndiyo, mama."

Basi wewe unayetaka mistari myembamba, mwangalie fundi mikono kabla hajakuangalia wako. Mpe picha ya simu, karatasi ibaki kwako. Na akikuita kwa jina ambalo hukumtajia, toka, hata kama mashine inaendelea kuunguruma na mstari umefika katikati. Mimi siwezi kukusindikiza. Nimebakiwa na bahasha moja tu yenye mwandiko wa mama, na nimemwahidi yule dada kuipeleka kesho.