Karatasi Isiyofunuliwa

Kijiji nilichopangiwa kufundisha kilikuwa kusini mwa Msambweni, upande wa kwendea Bodo, mahali ambapo njia ya gari ilikoma na njia ya miguu ikaendelea kati ya minazi na mikoko. Skuli ilikuwa na madarasa matatu na walimu wawili. Mwenzangu alikuwa mwenyeji, mwenye wake na mashamba, na kengele ya mwisho ilipolia alivua viatu, akavitia kwapani, akaenda zake. Mimi nilipewa chumba kimoja chenye baraza, cha udongo na mawe, kilichoezekwa kwa makuti, hatua kama mia mbili kutoka nyumba ya karibu. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa uhuru. Bendera mpya ilikuwa imekwisha kupandishwa Kwale, kwenye ofisi za serikali kule mlimani. Kwetu mlingoti ulikuwa umesimikwa, lakini kamba yake ilikuwa haijaletwa.

Nataka kuueleza kwa usahihi upweke wa mahali pale, kwa kuwa ni rahisi kuudhania kuwa ni uadui, na haukuwa uadui. Watu walinisalimu kwa ukamilifu. Waliniuliza habari za nilikotoka, za wazazi, za afya, za watoto wa skuli, wakangoja jibu la kila swali, kisha wakapita. Mwezi wa Ramadhani nililetewa futari kila siku kutoka nyumba tofauti, sinia limefunikwa kawa. Lakini sinia liliwekwa barazani, na aliyelileta akaondoka kabla sijamaliza kushukuru. Nilikuwa mgeni wa serikali, na mgeni wa serikali huheshimiwa kutoka mbali. Asubuhi nilikuwa na watoto, na usiku nilikuwa na usingizi. Kilichonishinda ni kipande cha siku kilichobaki kati ya sala ya alasiri na sala ya magharibi, muda wa saa mbili na nusu hivi, ambapo hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyehitaji kunisemesha.

Ofisi ya elimu ya wilaya ilikuwa na desturi ya kupeleka sanduku la vitabu katika kila skuli, na kulibadilisha kila muhula. Sanduku letu lilikuwa na vitabu thelathini na kimoja, vingine vya Kiswahili, vingine vya Kiingereza, na viwili vilivyoliwa na mchwa hata vikawa majalada matupu. Vingi havikuwafaa watoto. Nikaanza kuvisoma mimi.

Tangu zamani nimesikia ikisemwa kwamba tunasoma ili tupate ilimu, na katika maisha yangu ya baadaye nimelisema jambo hilo mwenyewe mbele ya wanafunzi wengi. Lakini nikiulizwa kwa kiapo, nitakiri kwamba katika baraza ile sikutafuta ilimu yoyote. Nilisoma kwa sababu ndani ya kitabu palikuwa na mtu aliyeanza kuzungumza nami na asiyeniaga. Nilipochoka nilimnyamazisha mimi, na nilipomrudia alikuwa palepale, katikati ya sentensi, kana kwamba nilikwenda kunywa maji tu.

Nilisoma kimya. Jambo hili linahitaji maelezo, maana ndilo lililoleta yote yaliyofuata. Katika kijiji kile kusoma kulikuwa ni sauti. Mtoto alisoma chuoni kwa sauti, barua zilisomwa kwa sauti, na hata mzee aliyesoma Kurani peke yake kibarazani alisikika na wapitao. Mimi pia nililelewa hivyo. Kunyamaza na kitabu nilijifunza katika chuo cha ualimu, ndani ya bweni ambamo kusema baada ya chakula kulikatazwa. Hapo kijijini aliyejulikana kukaa na kitabu wazi, midomo imefumbwa na macho yakitembea, alikuwa mtu mmoja tu: mganga wa kitabu, anayetazamia watu mambo yao yaliyofichika.

Sikulijua hilo mpaka alipokuja mfugaji mmoja kutoka bara, fimbo mkononi, kuniomba nimtazamie ng'ombe wake wawili waliopotea.

"Bwana, hiki si kitabu cha kutazamia," nikamwambia.

"Ndivyo wasemavyo wenyewe wenye ilimu," akajibu, akaenda zake bila kukasirika.

Ng'ombe walipatikana keshoye upande wa Lunga Lunga, na kwa kuwa nilipokuwa nikimjibu uso wangu ulielekea huko, sifa ikawa yangu. Tangu siku hiyo watu walinipita kwa haraka zaidi kuliko zamani. Mwenye duka, ambaye alipenda mzaha, alinipimia sukari akaniuliza, akikiita kitabu changu chuo kama waganga waitavyo, "Mwalimu, chuo chako chasemaje leo? Nifunge duka au nisifunge?" Wateja wakacheka, lakini niliona kwamba waliacha nafasi kati yangu na wao.

Mwanamke aliyekuja baada ya hapo alikuwa mjane wa makamo, msukaji wa mikeka. Nilimjua kwa kumwona tu. Nilijua pia, kama kila mtu alivyojua, kwamba mwanawe wa pekee alichukua kazi katika meli kubwa huko Mombasa, akaleta barua mbili, kisha pakawa kimya. Ulikuwa mwaka wa pili wa kimya hicho.

"Hodi, mwalimu."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sikuja kukaa. Nitazamie mwanangu."

"Mama, kitabu hiki hakitazamii."

"Ng'ombe kilitazamia."

"Hakikutazamia. Ng'ombe walionekana wenyewe."

"Basi na mwanangu ataonekana mwenyewe. Wewe funua tu."

Nikamweleza kwa utaratibu, kama ninavyoeleza darasani, kwamba kile kilikuwa kitabu cha hadithi. Kwamba hadithi ilitungwa na mtu katika nchi ya mbali. Kwamba mtu anayesimuliwa humo, fundi wa mawe, hakupata kuishi duniani.

"Hakuwapo?"

"Hakuwapo."

"Na wewe, mtu mzima, mwalimu wa serikali, wakaa hapa alasiri nzima na mtu ambaye hakuwapo?"

"Ndiyo, mama."

"Wapata nini?"

Nilikuwa nimefunzwa majibu kadhaa ya swali hilo, na hakuna hata moja lililokuwa la kweli. "Napata raha," nikasema, na neno lenyewe likanitia haya.

"Raha gani ya mdomo uliofumbwa? Hebu isome nami niisikie."

Akaketi ukingoni mwa baraza, mahali anapoonekana na wapita njia, akatoa kikapuni ukili wake, ule ukanda mwembamba wa majani ya mkindu ambao husukwa kwa wingi kisha ukashonwa uwe mkeka. Nami nikarudi mwanzo wa kitabu nikamsomea.

Alikuja keshoye, na siku iliyofuata. Kitabu kilikuwa cha tarjuma, chenye Kiswahili kigumu kidogo, nami nilikilainisha pale palipohitaji. Kilisimulia habari za fundi aliyemwacha mamake kijijini akaenda nchi ya milima kujenga daraja. Msukaji yule hakusikiliza kwa unyenyekevu ambao wanafunzi wangu walisikiliza nao.

"Huyu fundi amekula mara tatu na hajamwandikia mamake."

"Labda ameandika, mama. Mwandishi hakutaja."

"Basi mwandishi mvivu."

Nilipofika penye theluji nilimweleza kwamba ni maji yaliyoganda, yanayoshuka kama sufi na kulala juu ya mapaa hata yakawa mazito. Akaliangalia paa langu. "Hili lingekuwa liko chini zamani," akasema. Mwenye nyumba aliyempangisha fundi chumba, mtu bahili, msikilizaji wangu alimchukia kwa moyo wote; alipofika barazani, kabla ya kuketi, aliuliza, "Yule mnyimi leo amempa nini?" Au aliniambia, "Jana tulimwacha juu ya daraja. Ameshuka?" Mara kwa mara alilaza vidole vyake juu ya ukili, akapima, akaendelea kusuka. Nilidhani ni kazi yake tu.

Sina njia ya kueleza siku zile isipokuwa kusema kwamba saa mbili na nusu zilikuwa fupi. Nilifunga darasa nikiwa na haraka. Nilifagia baraza. Niliweka maji ya kunywa kwenye mtungi mpya. Ni dhahiri kwangu sasa kwamba nilikuwa nimepata kitu ambacho sikukipata nilipokuwa nikisoma peke yangu: palikuwa na mtu mwingine aliyemjua fundi yule, na tuliweza kumsema.

Nilikuwa na ulafi, hata hivyo. Siku moja ya mvua hakuja, nami nikasoma peke yangu mpaka mwisho. Fundi aliugua homa ndani ya chumba kile cha kupanga, siku nane kabla ya safari ya kurejea kwao, akafa. Mamake hakuletewa habari. Katika ukurasa wa mwisho alikuwa akifagia uwanja, akimngojea.

Nikakaa na kitabu kile siku mbili nzima, nikijua kilichomo. Kama ningekisoma kilivyo, ningekuwa nimemwambia msukaji yule, kwa kinywa changu, jambo ambalo kijiji kizima kilijihadhari kulitamka mbele yake. Nilijua pia kwamba huenda asije tena. Sitadai kwamba nilimhurumia yeye peke yake.

Mvua ilipokatika alikuja, akaketi, akatoa ukili. Nikafungua mahali fundi alipoanza kutetemeka, nikasoma mistari michache kama ilivyoandikwa. Kisha, macho yangu yakiwa yamekaa palepale, nikaanza kutunga. Nikampa fundi dawa. Nikaishusha homa. Nikampandisha gari moshi, nikamteremsha pwani, nikamtia melini, nikamfikisha mlangoni kwa mamake pamoja na kasha la zawadi. Nimetumia sehemu kubwa ya umri wangu kuwafundisha watu kwamba anayenakili maandishi ya mwenziwe hana ruhusa ya kubadili hata herufi moja. Siku ile nilibadili kila kitu, na kwa ufasaha.

Nilimaliza. Akaulaza ukili juu ya goti, akaupima, akaupima tena.

"Karatasi yako moja," akasema, "ni vidole vyangu vinne vya ukili. Imekuwa hivyo tangu siku ya kwanza. Leo nimesuka shibiri nzima, na karatasi hukufunua."

Nikaishika karatasi ile kwa vidole viwili.

"Kisome kilivyo, mwalimu."

"Mama, mwisho wake si mzuri."

"Nimekuuliza uzuri?"

Nikarudi kwenye mistari ya homa nikasoma. Sikulainisha neno. Nilifunua karatasi pale zilipokwisha, moja, ya pili, ya tatu. Ukili alikuwa ameuacha. Nilipofika kwenye ukurasa wa mwisho sauti yangu haikuwa nzuri, lakini nilimaliza, nikafumba kitabu.

"Na mamake hakuambiwa," akasema.

"Hakuambiwa."

"Afagia."

"Ndiyo, mama. Amngojea."

"Mimi nami nimefagia. Huu mwaka wa pili." Akakunja ukili wake taratibu, kuanzia ncha, kama unavyokunjwa unapokwisha. "Kila nimwendeaye aniambia, atarudi inshallah, na akisema hivyo hanitazami. Shemeji zangu hivyo. Imamu hivyo. Wewe nawe leo ulitaka kuniambia hivyo hivyo. Huyu aliyeandika kitabu hanijui, hakunionea haya."

"Nisamehe, mama."

"Nisomee tena pale alipokufa."

Nikamsomea tena. Safari hii alilia, bila sauti kubwa, uso wake ameuelekeza njiani. Nilitaka kumwambia jambo la kumfariji, na kila neno lililonijia lilikuwa mojawapo ya yale aliyokwisha kuyakataa. Alipojifuta uso kwa ncha ya leso yake aliniuliza kama chumba kile cha fundi kilikuwa na dirisha. Nikatafuta mahali hasa, nikamwonyesha mstari kana kwamba angeweza kuusoma, nikamwambia kwamba lilikuwapo, dogo, linaloelekea mtoni. "Ahaa," akasema. "Angalau lilikuwapo." Akaondoka kabla ya adhana ya magharibi.

Ijumaa iliyofuata alimsomeshea mwanawe hitima, kisomo cha kumwombea aliyekufa. Nilialikwa pamoja na wanaume wengine wa kijiji, nikapewa juzuu yangu ya Kurani, nikaisoma. Barazani kwangu hakuja tena, wala mimi sikumwendea. Mwisho wa mwaka nilihamishiwa Kwale.