Kurudishwa kwenye Herufi za Mwanzo

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi za utoto wangu, mwanangu, ni asubuhi moja chuoni kwa Bi Mwanakombo, aliyetusomesha Kurani Tanga, nilipokuwa na miaka tisa au kumi, sina hakika. Nilikuwa mtoto wa kusifiwa. Sauti yangu ilikuwa nzuri, na kila palipokuwa na shughuli mtaani mama yangu aliambiwa aje na mimi nisome. Sura nilizijua kwa moyo. Nilikaa nimeshika juzuu, kidole kinatembea juu ya mistari, wakubwa wanatikisa vichwa, nami narudi nyumbani na halua kwenye karatasi.

Asubuhi hiyo Bi Mwanakombo alinifunulia ukurasa, akaweka kijiti chake katikati ya mstari, akasema, "Hapa pameandikwa nini?"

Nikaanza sura kutoka mwanzo, ili nifike pale.

"Sikukwambia uanze. Nimekuuliza hapa."

Sikujua. Herufi nilizizoea zikiwa pamoja, zimebebwa na sauti za wenzangu, lakini moja moja hatukuwa tunafahamiana. Bi Mwanakombo akanitoa kwenye jamvi la wakubwa, akanikalisha na watoto wa ba, bi, bu, ubao mapajani. Nililia mpaka kamasi. Jioni bibi yangu akaja kuteta.

"Mwalimu, mtoto huyu anaitwa kwenye maulidi, nawe unamweka na wanaojikojolea?"

Bi Mwanakombo alikuwa anachambua mchele, hata kichwa hakuinua. "Sikio lake ni zuri, wala sikumnyang'anya. Namwongezea jicho."

Na chuoni kwake kulikuwa na desturi. Aliyerudishwa nyuma hakukaa kujikunyata. Ulichokishika leo, kesho ulimsomesha mdogo aliyekaa ubavuni mwako, na mwalimu anasikiliza. Kwa hiyo ndani ya aibu yangu nilipewa kazi, na kazi ile ilinituliza. Miaka mingi baadaye, nimeshaletwa huku kwenye baridi, nilifungua msahafu mahali ambapo sikuwahi kusomeshwa na mtu, nikasoma mwenyewe, neno kwa neno. Niko jikoni, sufuria inachemka. Sikuwa na wa kumwonyesha. Nikajisifu peke yangu.

Nimeanza mbali, nisamehe. Mimi niliishia darasa la saba, na kuandika kwangu ni kule kwa jioni, kuweka mambo ya siku yasipotee. Siku hizi kina mama vijana tunaokutana nao Jumamosi wanamuuliza binti yangu Zuhura, "Dada, wewe unayesomesha nyumbani, spelling, yaani kuandika maneno kwa herufi zake sawasawa, umetumia programu gani?" Zuhura amenigeukia mimi. "Mama, ulikuwepo tangu mwanzo, waandikie wewe." Sijui kama amechagua mtu sahihi. Nitasema nilichokiona tu.

Tunaishi Birmingham, karibu na mtaa wa Moseley, ila si kwenye yale majumba makubwa yenye bustani. Zuhura ana wawili, Idrisa na mdogo wake Nuru. Idrisa alikuwa shule kama wenzake. Shule ile siisemi vibaya, maana mwalimu wake alimpenda na alijitahidi, ila watoto walikuwa wengi na huyu wangu alikuwa anajificha. Alisoma vitabu vinene kuliko umri wake. Ukimwambia andika, tumbo linamuuma. Akiandika sentensi, mimi nisiyejua Kizungu vizuri niliona kuna jambo, maana neno hilo hilo aliliandika juu hivi na chini vile. Alipofika miaka tisa akaanza kukataa hata kuandika jina la mama yake kwenye kadi. Hapo Zuhura akaamua kumsomesha nyumbani.

Mumewe, Hamad, anaendesha basi, ni mtu mpole, na hakupenda. Alisema, "Sikatai. Lakini tuwekeane mpaka. Baada ya Idi, kama hajaanza kuandika, anarudi shule." Zuhura akakubali. Basi hilo ndilo lililokuwa juu ya vichwa vyetu mwaka ule wote, na kwa Zuhura lilikuwa zito, kwa sababu aliyajua yale maumivu ya tumbo asubuhi.

Alijaribu programu ya kwanza, ile ya kupewa maneno Jumatatu ukayakariri, Ijumaa ukaulizwa. Idrisa aliyapata Ijumaa, na Jumatatu yameyeyuka. Mimi nami nilijitia kumsaidia. Nilimwambia, "Andika unavyosikia, mjukuu wangu, kama Kiswahili." Ushauri mzuri kabisa kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza nilimtumbukiza shimoni, na Zuhura akaniomba kwa adabu nikapumzike. Kisha Hamad akaleta ya kwenye tableti, yenye nyota na vigelegele. Kwa haki, ile ilimrudishia mtoto hamu, alicheka tena mbele ya herufi, na jirani yetu mmoja mwanawe amefika nayo mbali. Lakini Idrisa akawa hodari wa kubahatisha. Anabonyeza, anabonyeza, nyota zinashuka, kalamu ukimpa hana kitu.

Ndipo Zuhura akaleta ya tatu. Hii ilikuwa sanduku. Ndani yake mna vigae vidogo vya herufi, kadi, na kitabu kinachomwambia mzazi aseme nini, maana imetengenezwa kwa mzazi asiye mwalimu. Inakwenda kwa kanuni. Kwanza sauti za herufi zote, kisha kanuni moja, mfano ile herufi ya mwisho isiyosemwa lakini ina kazi yake, na mtoto anaambiwa kazi yenyewe ni ipi. Hamuendi kanuni ya pili mpaka ya kwanza imekaa. Kila siku mnaanza kwa kurudia za nyuma. Na sentensi za imla hazina neno ambalo hajafundishwa njia yake, kwa hiyo hategewi.

Kabla ya kuanza, kuna maswali ya kumpima mtoto aanzie wapi. Idrisa, msomaji wa vitabu vinene, akaangukia mwanzo kabisa, kitabu cha kwanza, sauti za a na b.

Mwanangu, nyumba ilichafuka. Nuru alikuwa na miaka mitano, akakaa pembeni na mkate wake, na kila kigae kikiinuliwa yeye ameshajibu.

"That's easy, I know that one," alisema.

"Nobody asked you," alisema Idrisa.

"Bibi, mimi najua kuliko Idrisa," akaja kunishtakia kwa Kiswahili, maana kwa mashtaka Kiswahili chake kinanyooka.

Siku ya tatu au ya nne Idrisa alikusanya vigae akavimwaga nyuma ya kochi. Akaniambia, "I'm not a baby, Bibi," akapanda ghorofani. Jioni Hamad aliporudi akakuta mkewe anavitafuta kwa tochi ya simu.

"Unamwaibisha mtoto, Zuhura. Miaka tisa, a na b?"

"Hapo ndipo panapovuja, Hamad. Nijenge juu yake?"

"Mama, mwambie binti yako," akanigeukia.

Sikumwambia. Kusema kweli wote wawili niliwaona wana haki, na mimi hupata taabu sana watu wawili wakiwa na haki. Nilikwenda kulala, nikalala na Bi Mwanakombo kichwani.

Asubuhi nilimkuta Idrisa mezani ameinama juu ya chai. Nikamhadithia habari ya juzuu, na kijiti, na kulia kwangu mpaka kamasi. Kamasi zilimfurahisha. Akauliza, "So she put you with the babies?"

"Akaniweka. Na bibi yangu alikuja kugomba."

"Did it work?"

"Mimi nasoma popote unapofungua," nikamwambia. Nilipolisema nilisikia kifua kinajaa, na sikujizuia. Kisha nikamwambia lile la kusomesha. "Sasa mimi Kiingereza changu cha kuandika hakifiki popote. Barua ya daktari anaandika mama yako. Sanduku hili linaanzia pale ninapoanzia mimi. Mama yako akishakusomesha asubuhi, mchana wewe unisomeshe mimi. Mwanafunzi ni mimi, hapa hakuna mtoto mdogo."

Akanitazama kama anayepima kitambaa. "You have to actually do it, Bibi. You can't just say yes yes."

"Nitafanya."

Basi tukaanza. Na alikuwa mwalimu mkali, Mungu amhifadhi. Nikibahatisha anafunika kigae kwa kiganja. "Tap it first, Bibi." Maana kwenye programu ile unaligawa neno kwa sauti, kila sauti unagonga kidole kimoja mezani, ndipo unainua kigae. Nikimwambia nimechoka ananiambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Hapana choka, bado moja." Nuru akapewa cheo cha kuokota kadi, akanyamaza. Zuhura alikuwa anapika huku anatusikiliza, na ndipo alipojua kanuni gani imemwingia mwanawe na ipi bado, kwa jinsi alivyonieleza mimi. Aliyoshika alinifafanulia kwa ufupi. Ambayo hajashika alinipigia kelele. Zuhura alirudi kwenye hiyo kesho yake.

Haikuwa haraka. Kuna wiki hatukusogea. Kuna siku Hamad alipita, akatazama vigae, akatazama kalenda, akaenda zake, nami sikumlaumu.

Ikaja Idi. Tulikodi ukumbi na familia nyingine, Waswahili wa kila aina, na majirani Wakristo wa Kongo tuliwaalika, maana wao hutualika Krismasi. Vyakula vimepangwa meza ndefu, na msimamizi wa ukumbi akaja kutukumbusha kwamba kila sahani iwe na kadi ya kueleza kuna nini ndani, kwa wale wanaodhurika na karanga au ngano. Zuhura mikono yake ilikuwa kwenye unga wa sambusa. Kadi zipo, kalamu ipo. Idrisa akavuta kiti, akakaa.

Mama Furaha, jirani yetu wa kutoka Bukavu, akasema, "Acha mukubwa aandike, watu watasoma hizi."

Hamad alikuwa ameshafika mezani, mkono umenyooshwa kuchukua kalamu. Najua alitaka kumwokoa. Mama yake mtoto alisimama na unga wake mikononi.

"I've got it, Baba," alisema Idrisa.

Akaandika. Nazi, karanga, ngano, ufuta, maziwa, yote kwa Kiingereza, neno baada ya neno, ulimi umetoka kidogo pembeni. Kwenye kadi moja akasimama. Akalitazama neno aliloliandika. Kidole kikaanza kugonga meza, polepole, kikarudi, kikagonga tena. Akalikata kwa mstari mmoja safi, akaliandika upya chini yake, akasogeza kadi nyingine. Hakuchana. Hakushika tumbo. Zamani angekuwa ameshakimbilia chooni.

"Muzuri kweli," alisema Mama Furaha. "Hata kukosea kwake anakosea muzuri."

Kisha Idrisa akanisukumia kalamu. "Bibi, you do the kaimati."

Nikasema macho yangu yananisumbua. Akasema, "Tap it first." Watu wakacheka. Nikagonga vidole, mwanangu, mbele ya ukumbi mzima, mimi mtu mzima na kanga yangu mpya ya Idi, nikaandika maneno mawili ya Kiingereza. Akayasoma, akayaangalia tena, akatia alama ya vema pembeni kama ninavyotiliwa nyumbani. Kadi ile ninayo.

Tulipokuwa tunakunja meza Hamad akaja upande wangu.

"Mama, yale niliyosema ya baada ya Idi."

"Yapi?" nikajifanya.

"Nimeyasahau."

"Mimi sijayasahau. Ila nimeyasamehe."

Akacheka, akamwendea mwanawe, akamwuliza kesho somo linaanza saa ngapi, naye angependa kukaa kidogo kabla ya zamu yake. Na kwa haki yake niandike hili pia: mpaka aliotuwekea ulitufanya tusilegee. Mimi na Zuhura peke yetu huenda tungemhurumia sana.

Sasa, mwanangu unayeuliza programu gani. Jina lake sikupi, kwa sababu wa kwako si Idrisa, na pengine wako anataka ile ya nyota na ni sawa. Lakini unapochagua, fungua kitabu utazame kama kinampa mtoto sababu, au kinampa maneno tu ya kubeba. Utazame kama kinaleta jambo moja na kulisubiri likae, na kama kinarudi nyuma kila siku bila kuona haya. Ukiona kinakueleza na wewe mzazi useme nini, usidhani kinakudharau. Kikimpima mwanao kikamrudisha mwanzo, usimtetee kwa kumrukisha, hata kama anasoma vitabu vinene na watu wanamsifu. Mrudishe. Ila usimwache kule peke yake na aibu yake. Mpe mtu ambaye yeye mtoto atamfundisha, na kama hayupo, kaa wewe kwenye zulia uwe mwanafunzi wake, na ukosee kwelikweli.

Hayo ndiyo niliyoyaona, na kama nimekosea mahali, atakayejua zaidi anisahihishe, nimeshazoea.

Mungu akupe subira ya kurudia somo la jana ukiwa umechoka. Awape wanao sikio zuri, kisha awaongezee jicho. Na siku wanao watakapokukabidhi kalamu mbele za watu, mkono wako usitetemeke. Amina.