Nguo ya Kuvezi

Asubuhi ile ukungu wa kijiji chetu cha Kibabi uliingia mpaka ndani ya kituo cha afya, ukipita chini ya mlango kama mtu wa nyumbani asiyebisha hodi. Mpaka leo nikikumbuka sijui kama nilitembea au nilielea. Muuguzi aliniita kwa sababu kuvezi, lile sanduku la kioo linalowapa joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati, lilikuwa limezimika. Hatukuwa na jingine. Aliyekuwa akilala humo ni binti wa dada yangu mdogo, mwenye siku nne, wa kutoshea viganja viwili.

Dada yangu alikuwa bado hajiwezi. Basi Mama alimtia mjukuu kifuani, ngozi kwa ngozi, akafunga kitenge juu yao wote wawili, akaketi karibu nami akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo sana. Mimi nikavua nguo iliyofunika mashine, nikaitupa sakafuni, nikapiga magoti.

Kutengeneza vyombo vya umeme ndiyo kazi yangu, na kukasirika mapema ndiyo tabia yangu. Nilipima betri za paneli za jua: nzima. Fyuzi: nzima. Umeme ulifika kwenye kisanduku kinachoupokea na kuugawa, lakini upande wa pili hakikutoka kitu. Nilipokifungua, harufu ya kuungua ikanipokea. Kondensateri moja, kile kikopo kidogo kinachotunza chaji, ilikuwa imevimba kichwa. Nilikuwa na nyingine ya aina hiyo, niliyoing'oa kwenye televisheni iliyokufa ya parokia, nikailehemu mahali pake.

Lakini kikopo hakivimbi bure. Kukibadilisha bila kujua sababu ni kufukuza moshi na kuacha moto. Nikagusa feni ndogo ya kupoza. Haikuzunguka. Ilikuwa imezongwa na nyuzi nyekundu.

Ndipo nikaitazama ile nguo sakafuni. Nyeupe, maua mekundu ya kutarizi, pindo ndefu zenye nyuzi za kuning'inia. Ilikuwa imeizunguka mashine kiuno kizima, tundu la hewa likazibwa.

"Nani alivalisha mashine nguo?" nilifoka. "Mujinga gani huyo?"

Wimbo ukakatika.

"Njo mimi," Mama akakiri.

Kwetu kitu cha heshima hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake, meza ina chake, hata Biblia ina chake. Maua yale niliyaona yakishonwa tangu utoto wangu, na ningeyatambua popote kama si hasira. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Vumbi ilikuwa inaingia," akasema. "Kitu yenye kulinda mutoto wetu, tuiache uchi namna gani?"

"Mama, unisamehe."

"Punguza sauti, mutoto iko analala." Akaangalia tundu la hewa. "Sasa ile tundu njo pua yake?"

"Njo pua, Mama."

Akamwomba muuguzi mkasi. Mtoto akiwa vilevile kifuani, akakata dirisha kwenye ile nguo ya maua, mahali pa tundu la hewa, akachomoa sindano kwenye kilemba na kuanza kupinda kingo. Mimi nilikuwa nikitoa nyuzi kwenye feni, moja moja. Ukungu ulitukalia miguuni, na kwa muda nikasahau kuogopa. Tulikuwa mtu na mamaye, kila mmoja na uzi wake.

Nilipowasha, taa ya kijani ikafumbua jicho. Kioo kikaanza kupata joto. Nikanyoosha mikono nimpokee mtoto, Mama akatikisa kichwa. Akaivalisha mashine nguo kwanza, akainyoosha vizuri, kisha akaweka kiganja kwenye lile dirisha na kungoja. Alingoja sana, macho kayafumba.

"Iko inahema," akasema, ndipo akafungua kitenge.